Nyumba za Watoto Wasio na Kwao: Kipalapala, Bukumbi na Ushirombo

Katika maongezi ya leo twapenda kuwaeleza habari za nyumba ambazo watu wa dini walizijenga zamani katika nchi yetu, ili kuwalea watoto wasio na wa kuwalea. Tutataja mahali patatu hasa: Kipalapala karibu na Tabora, Bukumbi karibu na Mwanza, na Ushirombo katika nchi ya Bukombe, ambayo siku hizi imo katika Mkoa wa Geita. Pote hapo si ugenini kwetu watu wa Kishapu, maana ni nchi za Wanyamwezi, Wasukuma na Wasumbwa, ndugu na majirani zetu. Twazieleza habari hizi kwa sababu liko swali ambalo kila kijiji chetu hukutana nalo, nalo ni hili: mtoto akifiwa na wazazi wake, au akitupwa nao, aende wapi?

Wazee wetu walikuwa na jibu lao. Baada ya maziko na matanga kwisha, jamaa walikaa kitako wakaamua mambo ya marehemu: ng'ombe, mashamba, madeni, na watoto. Kwa desturi ya Usukuma, ikiwa baba alitoa mahari, watoto ni wa ukoo wa baba. Ikiwa hakutoa, ni wa ukoo wa mama. Huenda watu wakagombana juu ya jambo hilo mpaka kwa mtemi, lakini ugomvi wenyewe waonyesha kwamba mtoto alitakiwa. Alikuwako babu, alikuwako bibi, alikuwako mjomba, alikuwako baba mdogo. Basi, ikiwa ilikuwa hivyo, nyumba za kulelea watoto zilitoka wapi, na ni nani waliokaa humo?

Chanzo cha nyumba hizi tatu ni mbali sana, katika nchi ya Algeria, kaskazini mwa Afrika. Nchi ile ililiwa na nzige, kisha ikakosa mvua, na katika miaka ya 1867 na 1868 ikapatwa na njaa kuu pamoja na kipindupindu. Watu walikufa kwa maelfu, na watoto wengi wakabaki wakitangatanga njiani, wala hapakuwa na jamaa wa kuwachukua, kwa kuwa jamaa nao walikuwa wamekufa. Askofu Mkuu wa Algiers wakati ule alikuwa Mfaransa, jina lake Charles Lavigerie. Aliwakusanya watoto hao zaidi ya elfu moja akawapa chakula na mahali pa kulala. Lakini kumkusanya mtoto ni kazi ya siku moja, na kumlea ni kazi ya miaka. Katika mwaka 1868 Lavigerie alianzisha chama cha mapadre, na mwaka 1869 chama cha masista. Na kuwatunza yatima wale kulikuwa miongoni mwa kazi zao za kwanza. Kwa ajili ya kanzu zao watu waliwaita Mapadre Weupe na Masista Weupe.

Miaka 10 baadaye, katika mwaka 1878, msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe ulitua Bagamoyo. Huko walikuta kazi iliyokwisha kuanzwa na wengine, maana tangu mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa na nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani, pamoja na mashamba na karakana za ufundi. Kutoka Bagamoyo wageni hao walishika njia ya misafara mpaka Tabora, na hapo wakagawanyika. Wengine walikwenda Ujiji katika Ziwa Tanganyika. Wengine walielekea kaskazini, wakapita Usukuma mpaka Kageye katika Ziwa Victoria, na toka huko wakavuka kwenda Buganda, walikofika mwanzo wa mwaka 1879.

Sasa fikirini njia ile ya misafara. Pembe za ndovu zilipita hapo, nguo zilipita hapo, na watu pia walipita hapo wamefungwa kamba. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini barani biashara ile iliendelea miaka mingi. Watoto waliibwa vitani, au walichukuliwa wakati wa njaa, wakabadilishwa kwa nguo na baruti. Mtoto aliyeibwa Manyema akiwa bado mdogo, akauzwa Ujiji, akauzwa tena Tabora, huyo alikuwa amekwisha kupotea kabisa. Alisahau lugha ya mama yake. Jina alilopewa na baba yake alinyang'anywa akapewa jingine. Hata angaliachwa huru siku ile ile, angaliuliza njia ipi? Hakujua kijiji chake kiko upande gani wala mtemi wake ni nani. Mtoto wa namna hiyo hakuwa na babu wa kumwita, wala mjomba wa kumgombea. Kwa ajili yake ndipo nyumba hizi zilipojengwa.

Nyumba ya Kipalapala ilianza katika miaka ya mwanzo ya 1880, mwendo mfupi kutoka Tabora. Ilikuwa mahali pa hatari na pa faida pia, kwa maana Tabora ilikuwa njia panda ya misafara yote, na watoto wa kukombolewa hawakuwa haba. Lakini mapadre walikuwa wageni katika nchi ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, na usalama wao ulitegemea neno lake. Mwaka 1888 vita ya Abushiri ilizuka pwani, Wazungu wote wakatiliwa shaka mpaka barani, na mwaka 1889 mapadre walilazimika kuiacha Kipalapala. Jina lake halikupotea. Tangu mwaka 1925 pamekuwapo hapo seminari kuu ya kuwafundisha mapadre Waafrika.

Nyumba ya Bukumbi, katika nchi ya Usukuma, ilianza kwa kukimbia. Mapadre waliokuwa Buganda, ambao mkubwa wao alikuwa Léon Livinhac, walikuwa wamekomboa watoto wakakaa nao. Mwishoni mwa mwaka 1882, walipoona mambo ya Kabaka Mutesa yamekuwa magumu kwao, walifanya shauri la kuondoka. Wangaliweza kuwaacha watoto wale mikononi mwa watu. Lakini mtoto aliyekombolewa akiachwa bila mlinzi, hakika atauzwa tena. Kwa hiyo walipanda nao mitumbwini wakavuka ziwa mpaka upande wa kusini, na mwaka 1883 wakakaa Bukumbi. Hivyo Wasukuma wa Bukumbi waliwaona wageni weupe wachache, na pamoja nao kundi la watoto wa makabila mengi, wasiokuwa na ukoo ila ule wa nyumba moja.

Kabaka Mwanga alipowaita tena, mapadre walirudi Buganda mwaka 1885. Lakini mwaka 1888 palitokea mapinduzi, na wamisionari wote wakafukuzwa, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Watu hao walikuwa wameshindana vikali kwa miaka mingi mbele ya baraza ya Kabaka. Siku ile waliingia katika mashua moja, mashua ya Waingereza iliyoitwa Eleanor, pamoja na watoto wa nyumba ya mapadre. Katika safari kiboko aliipiga mashua akaitoboa, ikazama, na baadhi ya watoto wakafa maji. Waliosalia walifika salama upande wa Usukuma, na Bukumbi ikawa tena kimbilio. Twawaomba wasikilizaji wakumbuke habari hii kila wanapopita kando ya ziwa. Katika ghuba zake wamelala watoto ambao mama zao hawakupata kujua walikofia.

Nyumba ya tatu ni Ushirombo, iliyoanzishwa mwaka 1891 na Padre François Gerboin, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Unyanyembe mpaka alipofariki mwaka 1912. Wakati huo Wadachi walikuwa wameanza kutawala, nao walipokamata misafara ya watumwa, mara nyingi waliwatia watoto mikononi mwa misheni. Kabla ya miaka ya 1890 kwisha, Masista Weupe nao walifika, wakawatunza wasichana na watoto wachanga. Yafaa tuseme wazi kwamba kazi kubwa ya nyumba hizo ilikuwa ya mikono ya wanawake, na ya mabibi wa Kiafrika waliowasaidia, ijapokuwa vitabu vimeandika zaidi majina ya mapadre.

Maisha ya humo yalikuwaje? Watoto walisali, walijifunza kusoma na kuandika, na saa nyingi za mchana walikuwa shambani, kwa kuwa nyumba isiyolima haikuweza kulisha vinywa vyote vile. Wavulana walijifunza useremala, uashi na ushonaji. Wasichana walijifunza kupika, kushona na kuwatunza wadogo. Walipokuwa wakubwa lilikuja swali ambalo kila Msukuma alijua litakuja: nani atamtolea mvulana huyu mahari, na msichana huyu ataposwa kwa nani? Mapadre walijifanya baba wa mvulana na baba wa msichana pia. Waliwaoza wao kwa wao, wakawapa shamba na mahali pa kujenga kibanda karibu na misheni, na hivyo pakatokea kijiji cha watu wasiokuwa na koo.

Katika watoto wote waliokombolewa na Mapadre Weupe, mmoja amejulikana kupita wote, naye ni Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, karibu na mto Niger, yapata mwaka 1866. Aliibwa angali mdogo, akavukishwa jangwa la Sahara pamoja na watumwa wengine, na huko Algeria mapadre wakamnunua ili kumweka huru. Walimsomesha, kisha wakampeleka katika kisiwa cha Malta kujifunza uganga wa Kizungu. Mwaka 1888 alifika Unguja, na mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Katavi. Huko aliwatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Alijifunza pia dawa za miti kwa wazee wa nchi. Alioa huko Karema, akapata mwana, na mwana huyo akawa padre.

Habari ya Atiman yatufundisha mambo mawili. La kwanza, mtoto aliyeuzwa kama mbuzi aweza kuwa tegemeo la nchi nzima, ikiwa atapata wa kumlea na kumfundisha. La pili, Atiman hakukaa maisha yake yote ndani ya nyumba ya yatima. Aliingia kwa watu, akaoa kwao, akajifunza lugha yao na miti yao, nao wakamhesabu kuwa mtu wao. Hapo ndipo alipopata kwao.

Lakini mwalimu asemaye sifa tu hafundishi. Nyumba hizi zilikuwa na matatizo yake, na wamisionari wenyewe waliyatambua. Tatizo la kwanza lilikuwa la kununua. Mtu akitoa nguo ili kumkomboa mtoto, amefanya jema kwa mtoto yule. Lakini mwenye kuuza aliyepokea nguo aweza kusema moyoni kwamba biashara ni njema, akaenda kuiba mwingine. Tatizo la pili lilikuwa la ukuta. Watoto waliolelewa peke yao, wakalala peke yao na kuoana wao kwa wao, walikua wakiwa wageni katika nchi waliyolimia. Majirani waliwaita watu wa misheni, na pengine kwa dharau. Ndiyo sababu, kadiri miaka ilivyokwenda, mapadre waliacha kuweka tumaini lao katika vijiji vya watoto waliokombolewa, wakazidi kufungua shule kwa watoto wa wenyeji, waliokwenda asubuhi na kurudi jioni kwa mama zao.

Utumwa wenyewe ulipungua pole pole. Wadachi waliweka amri kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, na Waingereza waliufuta utumwa wote katika Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1922. Je, baada ya hapo nyumba za watoto hazikuwa na kazi tena? Zilikuwa nayo. Walikuwako watoto wachanga ambao mama zao walikufa wakati wa kujifungua, na ambao nyumbani hapakuwa na wa kuwanyonyesha. Baadaye ulikuja Ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza katika nchi yetu walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika vijiji vingi bibi mzee mmoja akabaki na wajukuu wengi kuliko nguvu zake. Tena katika nchi za almasi na dhahabu, kama Mwadui na Geita, wako watoto ambao baba zao walikuja kuchimba wakaondoka bila kuaga. Mjini Geita kiko kituo cha Moyo wa Huruma cha Kanisa Katoliki, kinachowalea watoto wa namna hiyo.

Kisha liko jambo linalotuhusu sisi wa Shinyanga kwa aibu. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino waliuawa katika nchi za kanda ya ziwa kwa ajili ya imani ya uongo kwamba viungo vyao vyaleta utajiri. Watoto wengi wenye ualbino walipelekwa shule ya Buhangija mjini Shinyanga, ambayo ni ya Serikali, ili wapate ulinzi. Walinusurika, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini wako waliokaa huko miaka mingi bila kuonwa na baba wala mama. Mtoto wa Kipalapala hakutembelewa kwa sababu kwao hakukujulikana. Mtoto wa Buhangija aliwezaje kukosa mgeni, ilhali kwao kunajulikana hata jina la kitongoji?

Hapo, wasikilizaji, ndipo tunapotaka mfikiri. Nyumba za kale zilijengwa kwa ajili ya mtoto ambaye njia ya kurudi ilikatika kabisa. Watoto wengi wanaopelekwa katika nyumba kama hizo siku hizi wana jamaa. Wana shangazi Maswa, wana mjomba Kahama, wana babu hapa hapa Kishapu. Kinachokosekana mara nyingi ni chakula, karo, au moyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtoto anayo haki ya kukaa na wazazi wake, ila pale mahakama inapoona kwamba kukaa nao kutamdhuru. Tena yataka makao ya watoto yawe na leseni na kuangaliwa na maafisa wa ustawi wa jamii. Ukiisoma vema, waona kwamba yafuata akili ile ile ya wazee wetu: ukoo kwanza, na nyumba ya watu wengine pale ukoo unaposhindwa.

Basi, yapasa tufanye nini? Kwanza, jamaa wanaompeleka mtoto katika makao wahakikishe kwamba majina yake yote yameandikwa: jina la baba, la mama, la ukoo na la kijiji, pamoja na majina ya jamaa watakaomtembelea. Karatasi hiyo moja yaweza kumwokoa asiwe mtu asiye na kwao. Pili, aendewe. Mtu akipata nafasi ya kwenda mnadani kuuza ng'ombe, hawezi kusema kwamba hana nafasi ya kwenda kumwona mtoto wa ndugu yake. Tatu, wakati wa likizo aletwe nyumbani, ikiwa hapana hatari, ajue kaburi la baba yake, ajue mipaka ya shamba lao, ajue kusalimia wakubwa kwa desturi ya kwao. Nne, mali ya marehemu isiliwe. Ng'ombe walioachwa na baba ndio karo ya mwanawe leo na mahari yake kesho. Tano, wale wanaosimamia nyumba hizo, ikiwa ni za kanisa, za msikiti au za Serikali, wapime kazi yao kwa kuhesabu wangapi wamepata pa kurudi, kuliko kuhesabu wangapi wamelala ndani.

Na kwa mtoto ambaye kweli hana mtu, kama mtoto aliyeokotwa njiani hata jina hana, tusiseme kwamba nyumba ya watoto ni aibu. Kwake ni rehema, kama Bukumbi ilivyokuwa rehema kwa wale waliovuka ziwa. Lakini hata yeye apate jirani wa kumwalika, mwalimu wa kumwuliza habari, na siku moja mtu wa kusimama upande wake wakati wa kuposa.

Wahenga walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Mapadre na masista wa zamani walitia mkono wao mahali ambapo mikono ya jamaa ilikuwa imekatwa na wenye kuuza watu. Mikono yetu haijakatwa; ipo, na watoto wa Kishapu wanaingojea.